Kumvua stilihedi kwenye mito ya pwani ya Oregon, Marekani: mwongozo kwa marafiki wanne na gari moja

Mara ya kwanza tuliipanga safari kama harusi. Tarehe ilitajwa mwezi mzima kabla, kikundi cha WhatsApp kikafunguliwa, mafuta ya gari yakachangiwa, na tukagawana nani alete chapati na nani alete chai ya tangawizi. Jumamosi ilipofika tukatoka Portland saa kumi na moja alfajiri, tukavuka milima kwenye barabara kuu namba 6, na kulipopambazuka tukauona mto Wilson: rangi ya chai ya maziwa, magogo yanapita katikati kama malori. Hatukurusha hata ndoana moja. Tulikula chapati ndani ya gari, vioo vimejaa mvuke, tukarudi nyumbani.

Tangu siku ile hatutaji tarehe. Tunatenga wikiendi tatu au nne kati ya Januari na Machi, kila mmoja anaomba ruhusa nyumbani na kazini mapema, halafu mto ndio unaochagua. Ukichukua jambo moja tu katika mwongozo huu, chukua hilo. Mengine yote yanafuata nyuma yake.

Unamfuata samaki gani

Stilihedi ni trauti wa upinde wa mvua, jamii ile ile ambayo Waingereza waliipeleka kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare mwanzoni mwa karne ya 20. Tofauti ni kwamba huyu huzaliwa mtoni, hushuka hadi Bahari ya Pasifiki, hunenepea huko kwa mwaka mmoja hadi mitatu hivi, kisha hurudi kwenye mto wake kutaga. Wa Mlima Kenya wengi unawashika kwa mkono mmoja. Huyu kwa kawaida ana kilo 3 hadi 5, na wapo wanaovuka kilo 8. Samoni wa Pasifiki wakishataga hufa, lakini stilihedi anaweza kutaga, akarudi baharini, akaja tena mwaka mwingine.

Wale wa majira ya baridi huingia mitoni kuanzia Novemba hadi Aprili. Mito midogo yenye vituo vya kutotolesha samaki, kama North Fork Nehalem, na Three Rivers pale Hebo, hupata samaki mapema, Desemba na Januari. Wilson na Nestucca huendelea vizuri hadi Machi. Kama kundi lenu ni la wageni watupu, lengeni mwisho wa Januari hadi katikati ya Machi. Samaki ni wengi kiasi, na mchana unaanza kurefuka. Katikati ya Januari jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni limezama, kwa hiyo siku ni fupi kuliko mlivyozoea.

Karatasi kwanza

Kila aliyetimiza miaka 12 anahitaji leseni ya uvuvi ya Oregon, na juu yake kibali cha pamoja kinachohusu samoni na stilihedi. Vyote vinanunuliwa kwenye programu ya simu inayoitwa MyODFW, ya idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, au dukani. Bei ya mkaazi ni nafuu sana kuliko ya mgeni, na unahesabiwa mkaazi ukiwa umeishi Oregon miezi 6 mfululizo. Mwenzetu mmoja alikuwa amehamia kutoka jimbo jingine wiki chache tu zilizopita. Alilipa bei ya mgeni, akanuna njia nzima, lakini alilala usingizi.

Hakikisheni leseni zinafunguka kwenye simu hata bila mtandao, kwa sababu sehemu kubwa ya barabara namba 6 haina. Wanaokagua ni polisi wa jimbo, wenye sare na bunduki. Najua wengi wetu tukiona sare moyo unaruka. Hawa wanataka kuona leseni, kibali na samaki, basi. Sema habari za asubuhi, toa simu, endelea kuvua.

Kanuni nyingine za kujua kabla ya kuondoka: unaruhusiwa kuvua kuanzia saa nzima kabla ya jua kuchomoza hadi saa nzima baada ya kuzama. Kila mto una mipaka yake ya wapi uvue na kwa chambo gani, na kanuni hubadilika katikati ya msimu, hivyo soma ukurasa wa mto wako usiku wa kuamkia safari, si mwezi uliopita.

Kusoma mto ukiwa bado sebuleni

Hapa ndipo safari inapofaulu au kufa. Mji wa Tillamook, barabara namba 6 inapoishia, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi hunyesha majira haya haya. Milima ya pwani ni mifupi na miteremko yake ni mikali. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi mto umefura. Uzuri wake ni kwamba hushuka nao haraka vile vile.

Serikali imeweka vipimo vya kina kwenye mito mikubwa, na namba zake ziko wazi kwenye intaneti, pamoja na utabiri wa siku kadhaa mbele. Kwa mto Wilson, wenyeji wengi hutafuta kipimo kati ya futi 4 na 6 hivi. Juu ya hapo ni tope. Chini sana, maji yanakuwa kama kioo na samaki wanaogopa kivuli chao wenyewe. Lakini usiiangalie namba peke yake, angalia mchoro unaelekea wapi. Mto wa futi 5 na nusu unaopanda ni mto wa kubaki nyumbani. Mto wa futi 5 na nusu unaoshuka siku ya tatu baada ya mvua ndio uliokuwa ukiusubiri, kwa maana samaki walipanda na mafuriko na sasa wametulia.

Nikupe mfano. Mvua kubwa Jumatatu usiku. Jumanne mto unagonga futi 10. Alhamisi uko 7, bado kahawia. Ijumaa mchana uko 6 na kijani kimeanza kuchungulia. Ijumaa hiyo jioni ndipo ujumbe unaingia kwenye kikundi: kesho.

Kama Wilson bado ni mchafu, usikate tamaa upesi. Mito midogo, kama Kilchis na North Fork Nehalem, husafika mapema zaidi. Nehalem mkubwa huwa wa mwisho, wakati mwingine unachukua karibu wiki nzima. Kwa hiyo kabla ya kulala uwe na mto wa kwanza, wa pili, na sababu ya kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine.

Rangi mnayoitaka ni kijani cha chupa. Ingia hadi magotini, tazama chini: ukiiona ncha ya kiatu chako lakini kokoto za katikati ya mto zimefichika, umefika siku yake.

Vifaa, bila kufilisika

Mimi nilikulia Pangani nikivua mshipi wa mkononi na mjomba, na nilidhani fimbo ni mapambo ya matajiri. Mtoni nimebadili mawazo. Unahitaji fimbo ya futi 9 na nusu hadi 10 na nusu, iliyoandikwa kwamba inabeba mshipi wa paundi 8 hadi 12 (paundi ni nguvu ya mshipi kabla haujakatika), na rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, ya ukubwa wa 3000 au 4000 yenye breki laini. Urefu si mbwembwe: unasaidia kuunyanyua mshipi juu ya maji ili mkondo usiuburute.

Kwenye rili jaza mshipi wa kusokotwa wa paundi 30 unaoelea. Mpangilio wa kutoka juu kwenda chini ni huu: fundo dogo la uzi linalozuia boya, ushanga, boya linaloteleza, chubwi ya uzito unaolingana na boya, pete inayozunguka, halafu nusu mita hadi mita moja ya mshipi mwembamba usioonekana wa paundi 10 au 12, na mwishoni ndoana. Uzito ukiandikwa nusu aunsi kwenye boya, chubwi nayo iwe karibu nusu aunsi. Boya lisimame wima, kichwa tu kikionekana. Likilala, uzito ni mdogo.

Chambo kinachotuletea samaki wengi zaidi ni mayai ya samoni yaliyotiwa chumvi, yanayouzwa kwenye vikopo. Tonge la ukubwa wa zabibu linatosha. Kifaa cha pili ni ndoana yenye kichwa cha madini ya risasi na manyoya ya waridi, na cha tatu ni mnyoo wa plastiki wa waridi. Usiniulize kwa nini waridi. Maji yakiwa na ukungu wa tope, ongeza ukubwa na rangi kali. Yakiwa safi, punguza vyote viwili.

Fungeni mishipi mifupi kumi au kumi na tano yenye ndoana nyumbani, mezani, mkono ukiwa na joto. Nimejaribu kufunga fundo la kitanzi cha mayai, lile linaloshika mayai kwenye ndoana, mtoni kwenye nyuzi 2 za joto. Vidole vinakuwa kama vya mtu mwingine: unavituma, haviendi. Uzi unateleza, unaulowesha kwa mate, unakaza, unagundua umefunga mkono wa sweta.

Nguo na maji

Pamba iachwe nyumbani, suruali za jinzi na soksi za pamba pia. Pamba ikilowa inakunywa joto lako. Vaa sufu au flisi tabaka mbili, juu yake koti la mvua la kweli, kofia ya sufu, na glavu zisizo na vidole. Suruali ya mpira ya kuingilia majini, ile inayofika kifuani, unaweza kuazima au kununua iliyotumika, lakini mkanda wake wa kiunoni usiukose na ufunge ukaze. Ukianguka bila mkanda, maji yanaingia yanajaa miguuni.

Maji haya yana nyuzi 4 hadi 7. Mtu wa pwani yetu hajui maana ya namba hiyo mpaka aingie. Mwenzetu wa Uvira, aliyekua akiogelea Ziwa Tanganyika kama mamba, aliteleza kwenye jiwe lenye ukoko wa kijani na kuzama hadi shingoni kwa sekunde labda kumi. Alipotoka hakuweza kusema jina lake vizuri. Tulimvua nguo zote, tukamvika kavu, tukawasha joto la gari mpaka mwisho, tukamnywesha chai. Kwa sababu hiyo kila mtu anabeba seti nzima ya nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, na ufunguo wa gari unawekwa mahali ambapo wote wanne wanapajua.

Usiingie zaidi ya mapaja. Tumia gongo, sogeza mguu mmoja kwa wakati, na usivuke mto ili kumfikia samaki wa upande wa pili. Wa upande wa pili naye anamtamani wa upande wako. Mkichukua mashua, wote jaketi za kuokolea zivaliwe, zisikaliwe.

Na barabara: kilele cha namba 6 hupata theluji na barafu. Bebeni minyororo ya matairi na mmoja wenu awe amewahi kuifunga.

Mahali pa kusimama

Sehemu ya chini ya mito ya Tillamook inapita kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa, na kingo zake nyingi ni mali ya watu. Usiruke ua. Juu zaidi, barabara namba 6 inafuatana na Wilson ndani ya msitu wa jimbo, na huko kuna sehemu zilizo wazi kwa wote kama Keenig Creek, Jones Creek na Footbridge. Wageni waanzie huko.

Ukifika ukingoni, usirushe. Kaa dakika tano, utazame. Stilihedi akipanda hupumzika penye maji ya mwendo wa mtu anayetembea taratibu, kina cha mita moja hadi mbili, chini kuna mawe ya ukubwa wa kichwa. Tafuta mshono, yaani ule mstari ambapo maji ya kasi yanagusana na maji ya pole. Utauona kwa povu: povu hutembea juu yake kama msafara wa siafu. Tafuta pia nyuma ya jiwe kubwa, na mwisho wa dimbwi pale maji yanapoanza kupungua kina kabla ya kuporomoka. Maji yanayochemka meupe yapite, na maji yaliyolala kabisa yapite.

Jambo moja hapo mwisho wa dimbwi: ukiona kokoto safi zinazong'aa kama zimefagiliwa, duara la mita moja au zaidi, hicho ni kiota cha mayai. Usikikanyage, wala usimvue samaki aliye juu yake.

Watu wanne kwenye dimbwi moja ni mkutano. Gawaneni wawili wawili, kila jozi na dimbwi lake, mkutane garini saa sita mchana. Mkimkuta mtu mahali, mahali ni pake. Muulizeni kama mnaweza kuvua chini yake, na asipotaka mtafute pengine. Wavuvi wa huku ni wapole mpaka ujipenyeze mbele ya mtu.

Kurusha na kusubiri

Weka kina kwanza. Kisia urefu wa maji, kisha sogeza lile fundo ili chambo kiwe kama sentimita 30 juu ya mawe. Rusha juu kidogo ya mkondo, uache boya lishuke kwa mwendo wa maji yenyewe. Mshipi kati ya fimbo na boya usilale majini ukafanya upinde. Unyanyue na kuurudisha juu taratibu bila kulisumbua boya. Ukipita mara tano bila kugusa chini hata mara moja, ongeza kina. Ukikwama kila mara, punguza.

Anza karibu na miguu yako. Wengi huingia majini na kuwakanyaga samaki waliokuwa wakiwatafuta ng'ambo. Pita mstari wa kwanza, halafu ongeza hatua moja ya urefu, halafu nyingine. Ukimaliza, shuka hatua mbili chini ya mto, uanze upya.

Sasa hili ndilo lililonichelewesha mimi msimu mzima. Baharini, changu au tewa akila, mkono unajua: anavuta. Nilisubiri kuvutwa. Stilihedi wa maji baridi mara nyingi havuti. Boya linashuka, linashuka, halafu linasita nusu sekunde kama mtu aliyekumbuka kitu. Au linazama vidole viwili, polepole, bila fujo. Jambo lolote boya linalofanya ambalo maji hayakulituma, piga. Vuta mshipi ukaze, nyanyua fimbo kwa nguvu ya kiasi. Mara tisa kati ya kumi ni jiwe. Piga tu.

Akishakula

Hatapigana mara moja. Kutakuwa na uzito, kichwa kinatikisika, kisha ataruka juu, fedha tupu, na mtapiga kelele wote. Breki ya rili iwe imelegezwa tangu asubuhi kiasi kwamba ukivuta mshipi kwa mkono unatoka kwa shida kidogo. Akikimbia, mwache akimbie. Akisimama, wewe ndiye unayevuta, fimbo ikiwa imelala pembeni ili kumyumbisha. Usimbane kwenye maji ya kasi. Mtembee mpaka maji ya pole.

Mwenye wavu asimame chini ya mkondo, wavu ndani ya maji, asubiri. Samaki aingie kwa kichwa. Anayemkimbiza samaki na wavu humpoteza, na urafiki hutikisika kidogo.

Kabla ya furaha yoyote, angalia mgongo. Katikati ya pezi kubwa la mgongoni na mkia kuna kipezi kidogo cha nyama, kama ncha ya kidole cha mtoto. Kama kipo, samaki ni wa asili, na kwenye mito hii ya kaskazini anarudishwa. Kama hakipo na gumba lako linapita juu ya kovu laini lililopona, huyo alitoka kituo cha kutotolesha samaki na alikatwa kipezi hicho akiwa mdogo ili mumtambue. Huyo unaruhusiwa kumchukua, kwa idadi iliyoandikwa kwenye kanuni za mto wako. Mwandike kwenye kibali hapo hapo, mto na tarehe, kabla hujafanya jambo jingine.

Wa asili asitoke majini. Lowesha mikono, mshike shina la mkia na chini ya tumbo, mpige picha akiwa nusu ndani ya maji, mwelekeze kichwa juu ya mkondo. Usimburute juu ya kokoto. Ukikibinya kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kuvua, inatoka kwa kugeuza kidole tu. Akiwa tayari atakupiga mkia usoni, aende.

Wa kituoni mpige kichwani mara moja, mkate matamvua atoke damu majini, mtoe matumbo, mtie barafuni. Mayai yake, kama yapo, yasitupwe. Myachukue mkayatie chumvi na sukari, ndicho chambo cha safari ijayo.

Kama mnataka kuongozwa

Kuna waongozaji wenye mashua za makasia, na kwa mara ya kwanza ni fedha iliyotumika vizuri: utajifunza madimbwi kumi kwa siku moja. Mashua moja kwa kawaida hubeba wavuvi wawili au watatu, kwa hiyo wanne mnahitaji mbili. Mhakikishe mwongozaji amesajiliwa na bodi ya jimbo inayosimamia mashua. Ulizeni mapema: mto ukichafuka, arubuni inahamia siku nyingine au inapotea? Sisi tuliwahi kuipoteza. Bakshishi ya mwisho wa siku inatarajiwa, ipangeni kwenye bajeti.

Jikoni

Nyama yake ni ya rangi ya chungwa na ina mafuta, kwa hiyo inastahimili kupakwa. Tunampasua kwa mgongo, tunamtia chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu kwa saa moja. Tunamweka juu ya mkaa upande wa ngozi, na tui zito la nazi lenye pilipili, ukwaju na bizari tunalipaka kidogo kidogo mpaka ligande juu yake. Dakika kumi na tano, ishirini akiwa mnene; ukisubiri zaidi amekauka. Kaka wa Mombasa anasema bila wali wa nazi ni dhambi, wa Uvira anataka ugali wa muhogo, na kichwa anapewa aliyeshika wavu.

Msimu uliopita tulitoka mara nne. Mara mbili hatukupata kitu, mara moja tulirudisha wa asili mmoja, na mara moja tulikuja na wawili. Wikiendi ya kwanza ya mwaka huu imeshatengwa. Mto uko futi 8 na unapanda.